Mbwa na Adabu ya Nyumba

Kati ya wanyama wote wafugwao na binadamu, hapana aliyemtangulia mbwa. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda na kuku walikuja nyuma yake. Tena hao wote tuliwajengea zizi au banda, bali mbwa alisogea hata kizingiti cha mlango, na katika nchi nyingine akakivuka kizingiti, akaingia ndani. Kwa sababu hiyo mbwa ndiye mnyama ambaye watu wamekuwa na haja kubwa ya kumfundisha. Mnyama akaaye bandani aweza kufanya apendavyo. Akaaye na watu hana budi kujua desturi za watu.

Jambo la kwanza katika desturi hizo ni usafi. Mtoto wa mbwa afikaye nyumbani hajui ukumbi wala ua, hajui mkeka wala mchanga. Akishikwa na haja, huimaliza pale pale alipo. Shambani penye nafasi jambo hili ni dogo. Lakini katika mtaa kama Gerezani, mjini Dar es Salaam, ambako chumba hutengwa na chumba kwa ukuta mmoja tu, na ua hutumiwa na watu wa nyumba nzima, si jambo dogo hata kidogo. Hapo ndipo tunapoona watoto wa mbwa wakipendwa juma la kwanza, wakipigwa juma la pili, na juma la tatu wakitupwa njiani, waende zao upande wa soko la Kariakoo kujitafutia makombo. Wengi hufa. Wanaopona huwa mbwa koko, nao hao ndio tuwaogopao usiku.

Basi tumeona yafaa kuandika habari za mnyama huyu tangu kale, tukitazama hasa jinsi watu walivyomlea na kumfundisha, ili msomaji apime mwenyewe njia ipi imezaa matunda na ipi imezaa hasara.

Kaburi la Oberkassel

Mwaka 1914, karibu na mji wa Bonn katika Ujerumani, mahali paitwapo Oberkassel, wafanyakazi wa machimbo ya mawe walifukua kaburi la kale sana. Ndani yake mlikuwa na mifupa ya mwanamume na ya mwanamke, na pamoja nao mifupa ya mbwa. Wenye elimu ya mambo hayo wamekadiria kwamba watu wale walizikwa yapata miaka 14,000 iliyopita. Wakati ule hapakuwa na shamba wala mji katika nchi ile. Watu waliishi kwa kuwinda na kuchuma matunda ya mwituni.

Mwaka 2018 zilitolewa habari mpya za mbwa huyo, baada ya meno yake kuchunguzwa kwa uangalifu. Ilionekana kwamba alikuwa bado mtoto, hajatimiza hata miezi 8, na ya kuwa yamkini aliugua maradhi yaitwayo distempa. Maradhi hayo huleta homa, kutapika na kuhara, na mwisho hushika ubongo. Mtoto wa mbwa aliyepatwa nayo asipotunzwa hufa upesi. Lakini huyu aliishi majuma kadhaa, na ugonjwa ulimrudia zaidi ya mara moja. Wachunguzi wakasema kwamba lazima palikuwa na mtu aliyempa maji, aliyemtia joto, na aliyemsafisha.

Tulitafakari neno hili. Mtoto mgonjwa hawezi kuwinda wala kulinda. Hakuwa na faida yoyote kwa wale watu, nao walikuwa maskini wa kila kitu. Hata hivyo walimfuta uchafu wake, na walipokufa wakazikwa pamoja naye. Kumbe kabla mbwa hajafundishwa usafi na mwanadamu, mwanadamu alikwisha kujitwika kazi ya kumsafisha mbwa.

Mbwa wa Misri na mbwa wa Kongo

Katika bara letu la Afrika habari za mbwa ni za kale pia. Makaburi ya Wamisri yana picha nyingi za mbwa wembamba, masikio yamesimama, mkia umejikunja juu ya mgongo. Mwaka 1935 George Reisner, mchimbaji wa mambo ya kale kutoka Marekani, aliona huko Giza jiwe lenye maandishi ya habari za mbwa mmoja, jina lake Abuwtiyuw. Alikuwa mlinzi wa mfalme. Alipokufa, mfalme aliamuru azikwe kwa heshima, apewe jeneza, kitani kizuri na uvumba. Haya yalitendeka zaidi ya miaka 4,000 iliyopita.

Mbwa wa namna hiyo, mwenye masikio ya kusimama na mkia wa kujikunja, yuko hata leo katika misitu ya Kongo. Wawindaji humfunga kengele ya mti shingoni, kwa kuwa yeye habweki kama mbwa wengine. Wasiposikia kengele hawawezi kujua yuko wapi wakati wa kufukuza wanyama kuelekea nyavuni. Wazungu walimwita Basenji, neno walilolikuta huko huko Kongo, nalo ni ndugu wa neno letu "washenzi"; maana yake mbwa wa watu wa porini. Mwaka 1937 walimwonyesha London katika maonyesho makubwa ya mbwa yaitwayo Crufts, na watu wengi wakastaajabu. Mbwa huyo aliyeitwa wa washenzi hujilamba mwili mzima kama paka, wala hana harufu nyingi. Msomaji na alikumbuke jina hili, maana tutakutana nalo tena.

Neno la Maandiko, na neno la jirani zetu

Wakristo wengine husema kwamba Biblia yamdharau mbwa. Ni kweli kwamba mara nyingi mbwa atajwaye humo ni yule azungukaye mjini usiku akila vilivyotupwa. Lakini hiyo si habari yote. Katika kitabu cha Tobiti, ambacho Wakatoliki wanakihesabu katika Biblia, kijana Tobia anaposafiri mbwa wake yumo safarini. Tena katika Injili ya Mathayo na ya Marko yule mama wa kabila la kigeni, alipomwombea binti yake, aliwataja mbwa walio chini ya meza wakila makombo ya watoto. Neno la Kiyunani lililoandikwa hapo si lile la mbwa wa njiani. Ni neno la mbwa mdogo, kana kwamba tungesema "kijibwa". Mbwa huyo yumo ndani ya nyumba, karibu na watoto, naye anajua mahali pake: chini ya meza, wala si juu yake.

Jirani zetu Waislamu, nao ni wengi katika Gerezani na Kariakoo tangu mitaa hiyo ilipoanza, wana sheria zao juu ya mbwa, na yatupasa kuzijua, maana twakaa nao ua mmoja. Waislamu wengi wa pwani yetu hufuata madhehebu ya Imamu Shafi. Kwa sheria hiyo mate ya mbwa ni najisi. Chombo alichokilamba huoshwa mara 7, mara moja katika hizo kwa udongo. Mbwa hafugwi kwa mchezo, ila kwa kazi, kama kuwinda, kuchunga na kulinda shamba. Hata hivyo tusidhani ya kuwa dini hiyo imeamuru mbwa achukiwe. Kurani yenyewe, katika Sura ya tano, yahalalisha nyama iliyokamatwa na wanyama wa kuwinda waliofundishwa. Na katika Sura ya Pango wale vijana waliolala miaka mingi walikuwa na mbwa wao mlangoni. Na katika Hadithi imo habari ya mtu aliyemtekea maji mbwa mwenye kiu akasamehewa dhambi zake. Huko Unguja na Pemba wasasi, nao ni Waislamu, wamefuga mbwa tangu zamani ili kuwinda nguruwe mwitu waharibuo mashamba.

Tazameni basi: Kurani haikutaja mbwa wa kuwinda tu, bali mbwa aliyefundishwa. Na mbwa wa Injili yuko chini ya meza, mahali alipozoezwa kukaa. Katika dini zote mbili mbwa asiye na malezi hukaa nje.

Chitane, mbwa wa Livingstone

Katika habari za wasafiri waliopita nchi yetu yumo mbwa mmoja anayestahili kukumbukwa. Mwaka 1866 Dr. Livingstone alishuka pwani ya kusini karibu na Mikindani, akaanza safari yake ya mwisho akiandama mto Ruvuma. Alikuwa na mbwa mdogo mwenye manyoya ya mafundo, jina lake Chitane.

Livingstone ameandika kwamba mbwa huyo alijifanya msimamizi wa msafara wote. Alikimbia mbele kumtazama mtu wa kwanza, akarudi nyuma kumbwekea wa mwisho asichelewe. Wakifika kambini, akiisha kujua bwana wake amelala kibanda gani, hakumruhusu mbwa wa kijiji kukikaribia. Na yeye mwenyewe hakuiba kamwe. Mwenye kusafiri na wapagazi, chakula kikiwa haba na nyama ikining'inia wazi, atajua ya kwamba sifa hiyo si ndogo.

Mwezi wa Januari 1867, huko kusini ya ziwa Tanganyika, walivuka bwawa lenye upana wa maili nzima, maji yakifika kiunoni. Kila mtu alishughulika na miguu yake asianguke. Hapana aliyemkumbuka Chitane. Naye akaogelea katikati yao mpaka nguvu zikamwisha, akafa maji. Livingstone alihuzunika sana.

Twaona katika habari hii mambo mawili. Mbwa aliyefundishwa vema huwafuata watu wake hata pale asipoweza. Na mnyama aliyetuamini hivyo hutegemea sisi tumkumbuke, kwa maana hawezi kuomba kwa maneno.

Yaliyojulikana huko Bar Harbor

Kwa muda mrefu watu walimfundisha mbwa kwa desturi tu. Wengine walimpiga. Wengine walimkamata shingo wakamsugua pua katika uchafu wake, wakidhani kwamba atatubu. Desturi hiyo ilikuwako Ulaya, ikafika na huku kwetu.

Baadaye watu wa elimu walianza kuuliza mbwa hujifunza namna gani. Mrusi Ivan Pavlov, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa uchunguzi wake juu ya kumeng'enywa kwa chakula, alionyesha kwamba mbwa huunganisha mambo mawili yanayofuatana upesi: akizoea kusikia mlio kabla ya chakula, hutokwa na mate kwa mlio peke yake. Lakini mambo hayo mawili yakitenganishwa na muda mrefu, hayaungani.

Kisha, huko Bar Harbor katika jimbo la Maine, Marekani, mabwana wawili, John Paul Scott na John L. Fuller, walilea watoto wa mbwa wengi kwa miaka zaidi ya 10, wakawaandika siku kwa siku. Kitabu chao kilitoka mwaka 1965. Walichagua mbwa wa aina 5, na mmoja wa aina hizo alikuwa yule Basenji wa Kongo. Kwa hiyo mbwa wa misitu ya Afrika alikuwa miongoni mwa walioufundisha ulimwengu jinsi mtoto wa mbwa anavyokua.

Haya ndiyo yanayojulikana sasa. Mtoto wa mbwa huzaliwa kipofu na kiziwi. Macho hufunguka yapata siku ya 10 hata ya 14. Siku hizo hawezi kwenda haja peke yake, mama humlamba ili atoe, kisha mama huyo hulisafisha tundu lao kwa ulimi wake. Yapata juma la tatu mtoto huanza kujikokota kutoka malaloni ili akamalize haja mbali kidogo. Hapana aliyemwambia. Hiyo ni asili yake: hapendi kuchafua mahali alalapo. Yapata juma la tisa huanza kuchagua mahali pamoja, na kupatambua kwa harufu.

Tena iligunduliwa kwamba juma la tatu hata juma la kumi na mbili ndio wakati ambao mtoto wa mbwa hupokea urafiki wa watu. Mwaka 1961 wachunguzi wengine walieleza jinsi walivyowalea watoto wa mbwa katika uwanja mpana uliozungushiwa ua bila kushikwa na mtu. Waliotolewa mapema walizoea watu upesi. Walioachwa hata juma la 14 waliwakimbia watu kama wanyama wa mwitu.

Sasa msomaji ahesabu. Mtoto wa mbwa huletwa nyumbani akiwa na majuma 6 au 8. Akitupwa juma la tatu baada ya kufika, ana majuma 9 au 11. Yaani tunamtupa wakati ule ule ambao asili yake imeanza kutafuta mahali pamoja pa kujisaidia, na moyo wake ungali wazi kwa watu. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Sisi twamtupa angali mbichi, kisha twamlaumu akiisha kukauka.

Nyumba za Gerezani

Jina la Gerezani latokana na neno gereza, na jina la Kariakoo latokana na kikosi cha wapagazi wa vita vya 1914–1918, waliopiga kambi hapo baada ya Waingereza kuingia Dar es Salaam mwezi wa Septemba 1916. Katika enzi ya Wajerumani na ya Waingereza mji uligawanywa kwa rangi za watu: Wazungu upande wa bahari, Wahindi katikati, na Waafrika ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja. Reli iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914, ilileta watu wa makabila ya bara, na wengi wa watu wa reli walikaa Gerezani.

Huko Uzunguni mbwa alikuwa na bustani pana, na mara nyingi mtumishi Mwafrika ndiye aliyemlisha, aliyemtoa nje na kufagia nyuma yake. Lakini nyumba ya Kariakoo na Gerezani ilikuwa ya namna nyingine: ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, na nyuma ua wenye jiko na choo. Kila chumba huenda kikawa na jamaa yake, huyu Mzaramo, huyu Mnyamwezi, huyu Mngoni. Huyu Mwislamu, huyu Mkristo. Siku hizi nyumba nyingi za namna hiyo zimebomolewa, na ghorofa zimesimama mahali pake, hata ua umekosekana. Lakini shida ni ile ile: watu wengi, nafasi haba.

Katika nyumba kama hiyo mtoto wa mbwa akikojoa ukumbini, hakumchafulia mwenyewe tu. Akiingia chumba cha jirani akaukanyaga msala, au akalamba sufuria iliyoanikwa uani, ameleta ugomvi ambao maji hayatauosha. Wengi wametengana kwa jambo dogo kuliko hilo. Kwa hiyo twasema kwamba kumfundisha mbwa adabu ya nyumba ni sehemu ya kumpenda jirani, nasi tuliojifunza amri hiyo tangu utoto hatuna udhuru.

Njia ifaayo

Kwanza, kabla ya kumleta, mwambie jirani na umwombe ridhaa. Mtoto wa mbwa asichukuliwe kwa mama yake kabla hajatimiza majuma 8. Mama yake ndiye mwalimu wake wa kwanza wa usafi.

Pili, chagua mahali pamoja uani, weka mchanga, wala usipabadili. Mwenye kukaa ghorofani atumie karai pana lenye mchanga au magazeti ya zamani, liwekwe mahali pale pale kila siku, mpaka mtoto apate nguvu za kushuka chini.

Tatu, mtoe kila aamkapo, kila amalizapo kula, na kila amalizapo kucheza. Tena kabla ya kulala. Mtoto wa miezi 2 hawezi kujizuia zaidi ya saa 2 hivi, wa miezi 3 saa 3, na usiku hana budi kutolewa walau mara moja. Akianza kunusanusa sakafu na kuzunguka, hiyo ndiyo dalili, usingoje.

Nne, akijisaidia mahali pake, msifu papo hapo na umpe kipande cha dagaa. Papo hapo, si baada ya kurudi ndani, kwa sababu ile aliyoionyesha Pavlov. Mbwa hawezi kuunganisha thawabu na tendo lililokwisha pita.

Tano, akikosea ndani usimpige, wala usimsugue pua. Ukimkuta katikati ya tendo, mwinue upesi umpeleke nje. Ukikuta amekwisha maliza, safisha, unyamaze. Mtoto apigwaye hajifunzi kwenda uani. Hujifunza kujificha uvunguni, maana ameelewa kwamba haja ikionekana na mtu huleta fimbo. Basi aliyempiga hujiongezea kazi, kisha husema mbwa huyu ni mkaidi.

Sita, mahali alipokosea paoshwe kwa sabuni na maji, kisha maji yenye siki, pakaushwe. Harufu ikibaki, atapachukua kuwa ndipo mahali pake. Dawa zenye amonia hazifai, kwa kuwa harufu yake yafanana na mkojo.

Saba, mpe kasha lake la kulala, na chombo chake cha maji kisichochanganyika na vyombo vya watu. Akishindwa kuangaliwa, afungwe kamba fupi karibu nawe, si kuachwa azurure. Na akilamba chombo cha jirani, mwambie jirani, usimfiche. Yeye anayo sheria ya kukiosha, nawe ukimficha umemkosea dhamiri yake.

Mwenye kushika haya siku zote ataona badiliko katika majuma machache, ingawa watoto wengine hukosea mara moja moja hata mwezi wa tano au wa sita. Mbwa wakubwa wanaofanya kazi za serikali hufundishwa kwa njia hii hii. Jeshi la Polisi la Tanzania lina kikosi chake cha mbwa na farasi. Na tangu mwaka 2014 African Wildlife Foundation wamekuwa wakifundisha mbwa huko Usa River, karibu na Arusha, wanuse pembe za ndovu zinazofichwa katika mizigo. Mbwa wa kunusa namna hiyo akiipata pembe, ujira wake ni kupewa mpira achezee.

Afya ya watoto wetu

Kuna jambo kubwa kuliko harufu. Watoto wa mbwa wengi huzaliwa na minyoo waliyoipata tumboni mwa mama, na mayai ya minyoo hiyo hutoka katika kinyesi. Mayai mapya hayadhuru mara hiyo. Huchukua majuma kadhaa udongoni kabla ya kuwa na nguvu ya kumwambukiza mtu. Kwa hiyo kinyesi kikiokotwa kila siku na kufukiwa, hatari huondoka. Kikiachwa uani, mtoto atambaaye atakipata mikononi. Mtoto wa mbwa apewe pia dawa ya minyoo.

Kisha kuna kichaa cha mbwa. Maradhi haya yalithibitishwa katika Kenya kwa mbwa wa Nairobi mwaka 1912. Ulimwenguni yanakadiriwa kuua watu 59,000 kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na wengi wao ni watoto wa Afrika na Asia. Dalili zikiisha kuonekana, karibu hapana aponaye. Lakini kinga iko tangu tarehe 6 Julai 1885, Louis Pasteur alipomchanja mtoto Joseph Meister mjini Paris. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, asingoje.

Na mbwa wachanjwe. Wenye elimu wamesema kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukatika. Kisiwa cha Pemba kimelithibitisha neno hili: kwa kuchanja mbwa, ugonjwa ulitoweka mwaka 2014, ukaletwa tena kutoka bara mwaka 2016, wakachanja tena, na mwaka 2018 ukatoweka mara ya pili. Kile distempa alichokiugua mtoto wa Oberkassel nacho kingaliko. Mwaka 1994 kiliua simba wapatao 1,000 katika Serengeti, yapata theluthi ya simba wote wa huko, na chanzo chake kilidhaniwa kuwa mbwa wa vijiji vya jirani.

Sasa tazameni jinsi mambo haya yanavyofungamana. Mbwa aliyefundishwa adabu ya nyumba hubaki nyumbani. Mbwa abakiye nyumbani ana mwenyewe. Na mbwa mwenye mwenyewe ndiye awezaye kupelekwa kuchanjwa. Yule aliyetupwa Kariakoo kwa sababu ya mkojo wa majuma matatu, nani atampeleka? Huzaa uchochoroni, na watoto wake hufikia juma la kumi na nne bila kushikwa na mkono wa mtu.

Basi, ndugu wasomaji, asiyeweza kuamka usiku mara moja kwa muda wa mwezi mmoja au miwili, na asifuge mbwa. Hapana dhambi kukosa mbwa. Lakini aliyekwisha kumchukua kutoka kwa mama yake amejitwika kazi ya yule mama. Na awe na mchanga mahali pamoja, dagaa mfukoni, na ulimi mpole, aiache fimbo ukutani. Watu wa Oberkassel hawakuwa na sabuni, wala siki, wala shule, na mbwa wao alikuwa mgonjwa asiye na faida. Sisi tuna vyote hivyo, na mbwa mzima.